Ufadhili wa Kumbukumbu ya Mwalimu wa Historia: Uchambuzi wa Kisa cha Bombo

Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mkazi wa Bombo katika wilaya ya Luweero nchini Uganda, anafariki dunia baada ya kufundisha katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Siku ya hitima, wanafunzi wake wa zamani, ambao baadhi yao sasa ni mawakili, wafanyabiashara na maofisa wa jeshi, wanakubaliana na familia kuanzisha kwa jina lake ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kwa vijana wanaosoma historia. Michango inafika shilingi milioni 60, hati ya udhamini inaandikwa, na makubaliano yanasainiwa na chuo kikuu kimoja cha serikali. Katika mwaka wa kwanza kabisa fedha zinakwenda kwa mwanafunzi ambaye karo yake ilikuwa imekwisha kulipwa na serikali, huku binti aliyekuwa akizihitaji akilazimika kuahirisha masomo. Kisa hiki ni cha mfano na hakimhusu mtu wala chuo mahususi, lakini sheria, mishahara na taratibu ninazozitaja ndizo zilizopo Uganda, na kosa linaloelezwa humu ni rahisi sana kulirudia.

Hakuna mtu mwovu katika kisa hiki. Wadhamini walikuwa waaminifu, hakuna senti iliyopotea, na kamati ya chuo ilifuata hati neno kwa neno. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu hati yenyewe ndiyo iliyomfungia mlango mtu ambaye marehemu angemchagua kabla ya wengine wote.

Hali ya mwanafunzi wa historia

Ufadhili wa aina hii unahitajika kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2005 serikali iliamua kuelekeza takriban robo tatu ya nafasi zake za ufadhili katika vyuo vikuu vya umma kwenye kozi za sayansi, na tangu hapo wanafunzi wa fani za sanaa wamekuwa wakigombania sehemu ndogo iliyobaki katika nafasi zipatazo 4,000 kwa mwaka. Mikopo ya wanafunzi, ambayo bodi yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, nayo ilielekezwa hasa kwa kozi za sayansi na teknolojia. Hata miongoni mwa mifuko ya kumbukumbu mwelekeo umekuwa huohuo: wakfu wa Muljibhai Madhvani, ulioanzishwa mwaka 1962 kumkumbuka mwasisi wa kiwanda cha sukari cha Kakira, umejulikana zaidi kwa kuwasomesha vijana wa sayansi na ufundi.

Kisha kuna mshahara unaomngoja mhitimu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/2023 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa fani za sanaa, anayeingia darasa lilelile na kusahihisha madaftari mengi vilevile, alibaki kwenye takriban milioni 1. Walimu waligoma mwaka 2022 kwa sababu ya tofauti hiyo. Mzazi mwenye kishamba cha kahawa anapopiga hesabu ya aina hii haoni sababu ya kuuza ng'ombe ili mtoto wake asome historia, na mimi siwezi kumlaumu. Lakini mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 umeifanya historia na elimu ya siasa kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Serikali imemwagiza kila mtoto alisome somo hilo, na wakati huohuo imepunguza njia za kumpata mtu wa kulifundisha.

Bombo ina sababu yake ya ziada. Mji huu, ulio kilomita kama 35 kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu, uliwahi kuwa makao ya kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na familia nyingi za Wanubi zilizopo hapo zinatokana na askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudani, ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza Uganda. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii asilia za nchi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuwahusu imetoka katika barua na ripoti za maofisa wa Kiingereza, hususan zile zinazohusu maasi ya askari hao ya mwaka 1897, kana kwamba watu hawa walionekana tu siku walipoasi. Marehemu aliliona pengo hilo. Aliacha sanduku la kaseti zenye mazungumzo yake, kwa Kiswahili na Kinubi, na wazee waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na wake zao waliobaki kambini. Kila kaseti ina karatasi yenye jina la mzungumzaji, ukoo wake na tarehe, kwa ule mwandiko wa mwalimu aliyezoea ubao. Sanduku hilo lilipaswa kuwa sehemu ya ufadhili tangu siku ya kwanza, lakini hati haikulitaja hata kwa neno moja.

Hati na maombi

Hati ya udhamini ilikuwa na kurasa tatu. Mwandishi wake, wakili aliyefundishwa na marehemu, aliifanya kazi hiyo bila malipo na kwa haraka, akichukua kama kielelezo hati ya tuzo ya mwanafunzi bora iliyokuwapo ofisini kwake. Kifungu cha sifa kilisema kwamba fedha zitatolewa kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa Idara ya Historia aliyepata alama za juu kuliko wenzake. Kifungu kingine kiliahidi kuwalipia wanafunzi watatu kila mwaka karo, malazi na chakula. Uteuzi uliachiwa kamati ya chuo, na mdhamini mmoja angehudhuria kikao bila kupiga kura.

Tuzo na ufadhili ni vitu viwili tofauti, na wakili alipaswa kuvitenganisha. Tuzo humpongeza mtu kwa jambo alilokwisha kulitenda, kwa hiyo alama zinatosha kuamua. Ufadhili unamwezesha mtu kulitenda jambo ambalo bila fedha lisingewezekana, na hivyo swali la kwanza linakuwa ni nini kitatokea asipopewa. Hati iliyoandikwa kwa ajili ya tuzo haiulizi swali hilo popote.

Waombaji wawili wanatosha kuonyesha matokeo yake. Wa kwanza ni kijana wa mwaka wa tatu wa Shahada ya Sanaa, aliyesajiliwa moja kwa moja katika Idara ya Historia, mwenye wastani wa 4.52 katika kipimo cha 5, yaani daraja la kwanza, na anayesomeshwa na serikali. Wa pili ni binti wa mwaka wa pili anayesomea Shahada ya Sanaa na Elimu, masomo yake ya kufundishia yakiwa historia na Kiswahili, mwenye wastani wa 3.9, ambao ni daraja la pili la juu. Mama yake ni mjane anayeuza samaki wa kukaanga karibu na stendi ya teksi za Bombo. Binti alikuwa amelipa nusu ya karo ya semista, na mbele yake kulikuwa na mazoezi ya kufundisha, kipindi ambacho mwalimu mtarajiwa hulazimika kujitafutia nauli, chumba na mavazi ya kuingilia darasani katika wilaya asiyoijua.

Faili la binti halikusomwa. Katika vyuo vikuu vingi nchini, anayesomea ualimu wa historia husajiliwa chini ya elimu, ingawa mihadhara ya historia anaisikiliza katika ukumbi mmoja na wanafunzi wa idara, akifanya mitihani ileile na kusahihishiwa na wahadhiri walewale. Karani aliyepanga maombi alitazama jina la kozi, akaona si la Idara ya Historia, akaliweka faili upande wa wasiostahili. Kwa mujibu wa hati hakukosea. Kijana alipata ufadhili, fedha zikaingia katika akaunti yake ya karo, na kwa kuwa hakuwa akidaiwa kitu, zikabaki pale zikisomeka kama salio la ziada. Chuo hakikuwa na kanuni ya kumpa mkononi, na makubaliano hayakuwa na kifungu cha kuzirudisha kwa wadhamini.

Kikao cha wadhamini kilichofuata kilifanyika nyumbani kwa marehemu. Wakili alieleza, kwa upole, kwamba taratibu zote zilifuatwa na kwamba kijana aliyechaguliwa ni hodari. Mjane wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu,” akasema, “mzee alisomea ualimu. Kwa karatasi hii uliyoiandika, yeye mwenyewe asingeupata ufadhili wake.”

“Ni kweli, mama,” wakili akajibu, na kikao kikaanza upya.

Kauli ya yule mama ndiyo uchambuzi bora wa kifungu kile niwezao kuutoa. Kama mfuko unamkumbuka mtu fulani, basi njia rahisi ya kuupima ni kumweka marehemu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 20 na bila fedha, miongoni mwa waombaji, kisha kutazama kama angepita. Hapa asingepita kwa sababu tatu. Hati ilimtambua mwanafunzi kwa idara iliyomsajili badala ya masomo anayoyasoma. Ilipima alama bila kupima uhitaji. Tena haikumtaka mwombaji atamke kama kuna mwingine anayemlipia.

Marekebisho ya sababu ya kwanza si magumu, lakini yanahitaji uangalifu wa maneno. Haitoshi kuandika kwamba ufadhili ni kwa yeyote anayesoma historia, maana hapo ataingia pia mwanafunzi wa masomo ya maendeleo aliyechukua kozi moja ya historia katika mwaka wa kwanza. Kinachofaa ni kutaja kiwango: kwamba mwombaji, awe chini ya sanaa au chini ya elimu, anaisoma historia kama mojawapo ya masomo yake makuu hadi mwaka wa mwisho. Kuhusu alama, ni busara kuweka kiwango cha chini, tuseme daraja la pili la juu, na wote waliokifikia wakapangwa kwa uhitaji. Wapo watakaodai kwamba hivyo tunashusha hadhi ya mfuko. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwenye 3.9 aliyesoma huku akimsaidia mama yake kukaanga samaki alfajiri hajashusha hadhi ya kitu chochote.

Hesabu ambayo haikufanywa

Ahadi ya kuwalipia wanafunzi watatu ilitolewa siku ya msiba, na hakuna aliyeketi na kalamu. Wadhamini walikuwa wamejisajili chini ya sheria ya Uganda inayowawezesha wadhamini wa mfuko wa hisani kuwa chombo kimoja kisheria, chenye mhuri wake na kinachoendelea kuishi hata mdhamini mmoja akifariki. Hilo walilifanya vizuri. Mtaji nao waliuweka mahali pazuri, katika hati fungani za serikali za miaka 10, yaani mikopo ambayo serikali huilipia riba, zinazouzwa na Benki Kuu ya Uganda kupitia benki za biashara, ambazo hata mtu mwenye shilingi 100,000 anaweza kuzinunua. Hati fungani za muda huo hukatwa kodi ya asilimia 10 kwenye riba, ilhali za muda mfupi zaidi hukatwa asilimia 20.

Tuchukulie kwamba riba ni asilimia 14 kwa mwaka. Milioni 60 zitazaa milioni 8.4, na baada ya kodi zitabaki milioni 7.56. Wadhamini wa kisa hiki waliishia hapo, wakaona wanazo milioni saba na nusu za kutumia. Lakini Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, na hata lengo hilo likifikiwa kila mwaka, milioni 60 za leo zitakuwa zimepoteza zaidi ya theluthi moja ya uwezo wake wa kununua ifikapo mwaka wa kumi, wakati ambapo karo itakuwa imepanda. Ili mfuko usiliwe polepole, asilimia 5 ya mtaji, yaani milioni 3, lazima irudishwe kwenye mtaji kila mwaka. Kinachobaki cha kutumia ni milioni 4.56. Kama karo na ada nyingine za chuo zinakaribia milioni 3.5 kwa mwaka, mfuko huu unamudu mwanafunzi mmoja, na milioni moja na ushei inabaki kwa ajili ya utafiti wake au mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi watatu, karo peke yake, wangegharimu milioni 10.5, na hapo chakula na malazi havijaguswa.

Mwanafunzi mmoja anaonekana mchache kwa watu waliochanga milioni 60, na ninaielewa huzuni hiyo. Lakini mmoja aliyelipiwa tangu anapochaguliwa hadi anapohitimu ni bora kuliko watatu waliolipiwa nusu, kwa kuwa chuo hakimruhusu mwenye nusu ya karo aingie kwenye mtihani. Wadhamini wakitaka wawe wawili, kazi yao ni kuongeza mtaji, na wanafunzi wa zamani wa mwalimu aliyefundisha miaka 30 si wachache.

Kuna jambo dogo la kalenda ambalo limewaumiza wafadhili wengi wadogo. Hati fungani hulipa riba kila baada ya miezi sita kwa kufuata tarehe ilipotolewa. Mwaka wa masomo huanza Agosti, na semista ina wiki 17, ambazo mbili za mwisho ni za mitihani. Hati fungani za mfuko huu zililipa Mei na Novemba. Fedha za Novemba zilifika chuoni wakati mitihani inakaribia, na kwa mwanafunzi anayedaiwa zingekuwa zimechelewa. Dawa yake ni kuiacha riba ya mwaka wa kwanza ikae benki bila kutumiwa, ili kila Agosti karo ilipwe kwa fedha zilizokwisha kuingia. Inataka subira ya mwaka mmoja tu, lakini ni vigumu kuipata subira hiyo wakati familia inatamani kuona jina la mzee wao likitangazwa mara moja.

Kaseti, na lugha ya maombi

Hati iliyorekebishwa iliongeza mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayoufanya mfuko huu uwe wa mwalimu huyu na si wa mwalimu mwingine yeyote. La kwanza ni kwamba mwanafunzi anayefadhiliwa atafanya, chini ya mhadhiri wake, kazi moja ya utafiti yenye kuongeza kitu kwenye kumbukumbu za Bombo: kuandika yaliyomo katika kaseti moja, kumhoji mzee aliye hai, au kulinganisha simulizi na majalada ya kikoloni yaliyo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo siku hizi ina jengo lake Wandegeya, Kampala, na haipo tena katika vyumba vya chini kule Entebbe. Utaratibu wa kuwatuma wanafunzi kukusanya simulizi si mgeni kwetu. Idara ya Historia ya Makerere iliufuata mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mengi tunayoyajua leo kuhusu jamii zisizokuwa na wafalme yalihifadhiwa na wanafunzi wa wakati huo. Kaseti zenyewe zinapaswa kunakiliwa haraka katika mfumo wa kidijitali, nakala moja ikakaa chuoni na nyingine kwa familia, kwa sababu utepe wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu hata usipochezwa. Haya ndiyo matumizi ya kwanza ambayo ningeyaweka kwa ile milioni moja inayobaki, kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni kwamba barua ya maombi inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na ndiyo lugha ambayo wazee wa kwenye kaseti walipewa amri nayo, wakalalamikia posho nayo na kuwaandikia wake zao nayo. Mtafiti asiyeweza kuwasikiliza wazee hao bila mkalimani atakosa mengi. Mdhamini mmoja alihofia kwamba wanafunzi wa maeneo ambako Kiswahili hakizungumzwi sana wataonewa. Ndiyo maana uamuzi ukawa ni ruhusa, na anayeandika kwa Kiingereza hapotezi alama.

Hati ya awali, kwa bahati nzuri, ilikuwa na kifungu kinachoruhusu marekebisho wadhamini wote wakikubaliana na chuo kikiridhia. Bila kifungu hicho, kubadilisha masharti ya mfuko wa hisani kungeweza kuwafikisha Mahakama Kuu, na gharama za wakili zingekula karo ya miaka kadhaa. Kijana wa kwanza aliandika barua akikubali salio lake lihamishiwe mfuko, na chuo kikakubali baada ya barua hiyo. Binti alirudi darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja.

Wadhamini wamebaki na suala moja ambalo hawajakubaliana: kama mwombaji wa chuo kikuu kisicho cha serikali, kwa mfano kile Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilichoanzishwa mwaka 1988 na ambacho pia huandaa walimu wa sekondari, naye astahili kuomba. Wanaopinga wanasema makubaliano yamefanywa na chuo kimoja na kwamba karo za vyuo vingine hutofautiana. Mimi naona astahili. Idadi ya wanaolipiwa haitaongezeka, itabaki kuwa mmoja. Kinachohitajika ni kuandika kiwango cha juu cha karo ambacho mfuko utalipa, kusaini makubaliano ya pili yanayofanana na ya kwanza, na kuwaruhusu vijana wa Bombo waombe kutoka popote wanapoisoma historia.